Great North Road: jinsi barabara ya Cape hadi Cairo ilivyokunja kona Iringa

Mnara wa saa wa Arusha si kitu cha kumsimamisha mtu. Uko katikati ya mzunguko, daladala zinauzunguka, na vijana wanaouza picha za kuchora na bangili za shanga wanakutambua kuwa mgeni kabla hujavuka barabara. Bila kuulizwa watakwambia umesimama katikati ya Afrika: hapa ndipo nusu ya njia kutoka Cape Town hadi Cairo. Watalii wanapiga picha. Sisi wengine tunapita zetu.

Siku moja niliipigia hesabu habari hiyo. Cape Town iko karibu nyuzi 34 kusini ya ikweta, Cairo iko nyuzi 30 kaskazini. Katikati yake ni kama nyuzi 2 kusini. Arusha iko nyuzi 3 na nusu hivi, kwa hiyo kwa kipimo cha latitudo nusu ya njia imeangukia ng'ambo ya mpaka, nje kidogo ya Kajiado, kwenye malisho ya ng'ombe wa Wamaasai ambako hakuna mnara wala picha za kuuza. Ukipima kwa urefu wa barabara ndiyo kabisa huwezi kufika mwisho, maana njia hiyo haijawahi kuwa moja: kila mtu huipitisha anapoona panapitika.

Hata hivyo maneno ya vijana wale yana mzizi. Kweli kuna barabara iliyokusudiwa kulikata bara hili kutoka kusini hadi kaskazini, na kweli inapita Arusha. Jambo gumu kuelewa ni hili: kama ni barabara kubwa kiasi hicho, ilikuwaje kipande chake cha katikati, kutoka Iringa kupitia Dodoma na Kondoa hadi Babati, kikabaki vumbi na changarawe mpaka juzi juzi? Mtu wa Mbeya aliyetaka kwenda Arusha alishuka kwanza Morogoro, akafika Chalinze karibu kabisa na pwani, kisha akapanda tena kupitia Segera na Moshi. Alizunguka zaidi ya kilomita 200 za ziada ili tu asiikanyage barabara ambayo kwenye ramani ilikuwa imenyooka mbele yake.

Jibu lianzie kwenye majina, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Waingereza waliiita Great North Road. Zambia jina hilo lipo hadi leo kwa barabara inayotoka Kapiri Mposhi kupitia Mpika hadi mpaka wa Tunduma, na mtaa mkubwa wa Lusaka unaitwa Cairo Road kwa sababu ulikuwa kipande cha ndoto ileile. Afrika Mashariki ilipokuwa na mfumo mmoja wa namba, ikaipa A104: Tunduma, Iringa, Dodoma, Arusha, Namanga, Nairobi, na kuendelea hadi Malaba. Kenya imeshabadili namba zake, ila A104 bado haijatoka midomoni mwa madereva.

Tanzania ina herufi yake, T, kwa barabara kuu zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Na hapa ndipo mambo yanaanza kunoga. Kutoka Tunduma hadi Iringa unakanyaga T1. Kutoka Iringa kupitia Dodoma kuelekea Babati ni T5. Ukitoka Arusha kwenda Namanga uko kwenye T2. Sasa tazama hizo T1 na T2 zinatoka wapi. T1 inaanzia Dar es Salaam. T2 inaanzia Chalinze, ambako imechipuka kutoka kwenye hiyo hiyo T1. Yaani ukiitafuta barabara ya kusini–kaskazini kwenye orodha ya serikali hutaiona kama kitu kimoja. Utaona viungo vya barabara za kwenda baharini, na katikati yake kipande ambacho kwa miongo mingi hakikuwa na maana kubwa kwa bahari.

Jina la nne ni la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1971 Tume ya Uchumi ya Afrika ilianza kuchora mtandao wa barabara kuu za bara zima, na njia ya Cairo kwenda kusini ikapewa namba 4. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa imetengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, basi barabara ikaishia Gaborone. Ndoto ya Cape hadi Cairo ikawa haina Cape.

Ndoto yenyewe ni ya karne ya 19, ya kina Cecil Rhodes, yule tajiri na mwanasiasa wa Kiingereza wa Afrika Kusini: reli na waya wa simu vipite kwenye ardhi ya Mwingereza tupu, kutoka kusini mpaka Misri. Kikwazo kilikuwa Mjerumani. Kwa mkataba wa Julai 1890, uleule ambao Ujerumani iliiachia Uingereza mambo ya Zanzibar na yenyewe ikapata kisiwa cha Heligoland, eneo la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilifika hadi mpaka wa Kongo. Mstari mwekundu wa Rhodes, maana nyekundu ndiyo ilikuwa rangi ya makoloni ya Mwingereza kwenye ramani, ukakatika hapo, na Rhodes akafa mwaka 1902 ukiwa bado umekatika.

Tena ardhi yenyewe haikuwa na mazoea ya kutazama kaskazini na kusini. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ikarudi na pembe. Wajerumani walipojenga reli ya kati waliifuata mantiki hiyohiyo: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, na ilipofika 1914 ikawa Kigoma. Kila kitu kilikwenda baharini au kilitoka baharini. Njia ya kutoka Arusha kwenda Iringa ilikuwa njia ya watu wa karibu, wachungaji na wauzaji wa chumvi na nafaka, na ya askari.

Askari ndio waliotuachia picha kamili ya hali yake. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, aliyepigana upande wa Mwingereza, alitoka Arusha na wapanda farasi wake kwenda kuiteka Kondoa Irangi. Ni kama kilomita 300 hivi. Masika yalikuwa yamekolea. Kondoa waliipata, lakini farasi walikufa kwa mamia, kwa ndorobo na uchovu, na nyuma yao magari ya mizigo yalizama kwenye udongo mweusi wa mbugani. Jeshi lililoshinda likakaa Kondoa wiki kadhaa likiwa na njaa, mizigo mingine ikiletwa kwa vichwa vya wapagazi Waafrika ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. Mwezi Mei von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja kuwashambulia hapohapo, akashindwa kuwang'oa. Dodoma na reli yake vilitekwa mwishoni mwa Julai.

Vita vilipoisha, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, na mstari mwekundu ukaungana. Reli ya Rhodes haikujengwa, ila kulikuwa na chombo kipya: gari. Septemba 1924 msafara wa Chaplin Court Treatt na mkewe Stella ulitoka Cape Town na magari mawili ya Crossley. Ulifika Cairo Januari 1926. Miezi 16. Hapo huna haja ya kueleza zaidi kuhusu ubora wa barabara. Katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ilifyeka, ikachonga, ikaweka madaraja na makalavati, na njia ya magari ikapatikana kutoka mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, hadi Kenya. Walowezi waliopita kwenda Nyanda za Juu Kusini na wachimba dhahabu wa Lupa, ambao ndio walioufanya Mbeya kuwa mji, waliitumia. Vita vya pili vilipokuja, misafara ya malori ya jeshi la Afrika Kusini ilipanda nayo hadi Kenya kwenda kupigana na Waitaliano. Nadhani hicho ndicho kipindi pekee ambacho Great North Road ilifanya kazi iliyoandikwa kwenye jina lake.

Baada ya hapo historia iliipa mgongo.

Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi Wazungu, alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia, ambayo haina bahari, ilikuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, kwa watu ambao sasa walikuwa maadui. Ikabidi igeukie Dar es Salaam. Malori ya mafuta yakaanza kukimbia kwenye barabara ya vumbi kati ya Dar na Copperbelt, eneo la migodi ya shaba ya Zambia, utelezi na mabonde, ajali juu ya ajali, mpaka njia hiyo ikabatizwa jina la mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, barabara yenyewe, sasa ikiitwa TANZAM, ikawekwa lami kwa msaada mkubwa wa Marekani, na Wachina wakajenga reli ya TAZARA iliyokamilika 1975. Chini ya miaka kumi, mambo matatu makubwa.

Sasa chukua ramani uone lililotokea. TANZAM iliichukua Great North Road kutoka Tunduma, ikaifuata mpaka Iringa, halafu ikaikunja kulia kwenda baharini. Nusu ya kusini ya barabara ya wakoloni ikapata lami, mizani, vituo vya mafuta na hoteli za madereva. Nusu ya kaskazini, kutoka Iringa kwenda juu, ikabaki ilivyo. Ile fahari ya Cape hadi Cairo ilipigwa kona na shaba ya Zambia.

Upande wa Namanga nako hakukuwa na nafuu. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Karibu miaka saba barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa barabara ya kwenda ukutani. Nani angetafuta fedha za lami ya Kondoa wakati huo?

Watu husema serikali ilisahau. Mimi sidhani kama ni kusahau tu, kuna hesabu ndani yake. Kabla barabara haijajengwa hufanyika upembuzi yakinifu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuhesabu magari. Mtu anakaa kando ya njia na daftari, anaandika: basi, fuso, semi, pikapu, pikipiki. Baadaye wachumi wanalinganisha gharama ya ujenzi na kile ambacho magari hayo yataokoa kwenye mafuta, matairi, spea na muda. Kipande cha Iringa hadi Babati kila kikihesabiwa hakina magari. Na kingeyapata wapi? Kilima cha Nyang'oro kilikuwa kinateleza mvua ikinyesha, mito ya Kondoa ilikuwa inakata njia, basi likinasa abiria wanalala porini. Mwenye akili anapita Chalinze. Barabara haina magari kwa sababu haina lami, na haina lami kwa sababu haina magari. Duara hilo linaweza kuzunguka miaka hamsini bila mtu yeyote kufanya kosa la hesabu.

Uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipaswa kulivunja. Haukulivunja. Mawaziri waliendelea kukaa Dar, na ofisi zikiwa pwani barabara ya maana ni ile ya kwenda pwani. Kilicholivunja hatimaye ni sera ya kuunganisha makao makuu ya mikoa kwa lami, ikikutana na wakopeshaji, hasa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na shirika la Japani la JICA, waliokuwa wanatafuta miradi ya kuunganisha nchi na nchi. Hapo jina la zamani likapata kazi mpya. Cairo haikuleta lori hata moja Kondoa, lakini kwenye andiko la mkopo, maneno "kutoka Cape hadi Cairo" yana uzito ambao "kutoka Mela hadi Bonga" hayana.

Ujenzi ulikatwa vipandevipande ili wakandarasi kadhaa wafanye kazi kwa pamoja. Iringa hadi Dodoma, kilomita 260 kasoro kidogo, ilikuwa na vitatu: Iringa–Migori, Migori hadi mteremko wa Fufu, na Fufu–Dodoma. Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ikawa na vinne: Dodoma–Mayamaya, Mayamaya–Mela, Mela–Bonga na Bonga–Babati. Kutoka Babati kwenda Minjingu lami ilikuwa imeshafika kupitia mradi wa Singida. Aprili 2018 Rais John Magufuli alizindua sehemu zote mbili, ya Babati na ya Iringa. Watu huunganisha lami hii na kuhamia kwa serikali Dodoma kulikotangazwa 2016. Tarehe haziruhusu: makatapila yalikuwa kazini kabla ya hapo. Kuhama kuliikuta barabara inaandaliwa, kukaipa magari.

Si wote walioifurahia. Nyumba nyingi kando ya barabara kuu zina historia ya alama ya X. Kwa sheria ya zamani, hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake ziliipanua hadi mita 30. Ukiwa ndani ya zile 22.5 unapigwa X nyekundu, unabomoa kwa gharama zako. Ukiwa kati ya 22.5 na 30, sheria ndiyo iliyokufuata ulipokuwa, unapigwa X ya kijani na una haki ya fidia. Ni mita saba na nusu tu, lakini kwa mwenye nyumba ni tofauti ya kuanza upya na kitu mkononi au kuanza upya mikono mitupu. Nimeona ukuta mmoja wenye X nyekundu iliyofifia, na juu yake mwenye nyumba ameandika kwa chokaa bei ya mkaa.

Safari yenyewe sasa inafaa kufanywa mchana. Tunduma hadi Iringa utaifahamu: foleni ya malori mpakani, baridi ya Mbeya, Makambako, misitu ya misonobari ya Sao Hill. Vitu vipya vinaanzia Iringa. Unavuka mji, unashuka Nyang'oro, na ndani ya muda mfupi umetoka kwenye sweta umeingia kwenye joto la mibuyu. Mtera barabara inapita juu ya bwawa lenyewe, maji upande mmoja na bonde la Ruaha Mkuu upande wa pili. Bwawa hilo lilijengwa kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu kule chini, ila abiria wanalijua kwa samaki. Basi likipunguza mwendo akina mama wanakimbia na mabeseni ya perege wa kukaanga, wanainua juu mpaka usawa wa dirisha, na biashara inaisha kabla utingo hajapiga bodi.

Dodoma unaipita, unaingia Kondoa, na udongo unageuka mwekundu. Makorongo ya huko ni makubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi maalumu wa hifadhi ya ardhi, HADO, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipumue. Kilomita chache mbele, pale Kolo, kuna kibao kando ya lami kinachoelekeza kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, twiga, swala. Mabasi hayasimami hapo. Ukitaka kuiona inabidi ushuke, umtafute mwongoza wageni ofisini, kisha upande mlima kwa miguu. Mimi ningesema shuka. Baada ya hapo ni milima ya Bereko, Bonga, ziwa la Babati na viboko wake, halafu tambarare ya Tarangire na Minjingu mpaka Makuyuni na Arusha. Namanga iko kama kilomita 100 mbele, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Desemba 2018 unagonga mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja.

Kwa hiyo barabara imekamilika? Upande wa Tanzania, ndiyo: karibu kilomita 1,200 za lami kutoka Tunduma hadi Namanga bila kuinusa Chalinze. Mabasi ya Mbeya kwenda Arusha yanapita Dodoma. Lakini simama asubuhi pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, njia zinapoachana, utazame magari yanayotoka Tunduma. Semi zenye namba za Zambia na Kongo, shaba imefungwa kwa minyororo, zinanyoosha kwenda Ilula na mteremko wa Kitonga, kwenda bandarini, moja baada ya nyingine. Yanayokunja kushoto kupanda mjini, kuelekea kaskazini, ni basi, noah ya abiria wa Migori, na fuso inayokwenda Dodoma na viazi.